CHATU WA TUNDUMA KAGOMA KULA: TATIZO SI NYOKA, TATIZO NI KIKI

Stori inayotembea kwenye simu za vijana wa Tunduma siku hizi haihusu foleni ya malori wala bei ya kwacha pale boda. Inahusu chatu. Kijana mmoja wa mjini hapo, jina lake kapuni, anayejulikana kwa klipu za vichekesho na kofia zake za rangi kali, kamleta nyumbani mtoto wa chatu, kamweka kwenye ndoo ya lita 20, kampa jina na kamfungulia akaunti. Klipu ya kwanza ikabamba. Ya pili ikabamba zaidi. Ya tatu ndiyo ikaleta balaa, maana ilikuwa klipu ya kumlisha, na mlishwaji akakataa.

Kaletwa panya, chatu kageuza kichwa. Kaletwa panya mwingine, vilevile. Kikaja kipande cha nyama ya ng'ombe, likaja yai, wapi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, mpaka ikagonga ya tano. Na kila usiku mwamba anaingia laivu na kauli ileile: "Leo atakula au hali?" Watazamaji wanapanda, zawadi za mtandaoni zinamiminika, na chatu anazidi kukonda mbele ya watu wote.

Sasa kuna haja ya kusema jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kulisikia. Yule chatu hajagoma. Kugoma ni kwa mwenye uwezo wa kuondoka akachagua kubaki. Chatu yule yupo ndani ya ndoo, gizani, kwenye baridi, mfuniko ukifunguliwa anakutana na taa ya simu usoni. Anachofanya ndicho ambacho nyoka yeyote mwenye akili zake angefanya: anafunga mdomo na kusubiri hatari ipite.

KOMENTI ELFU, SWALI MOJA LA MAANA

Ukizisoma komenti zake utakutana na makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wababe: "Mfungue mdomo na kijiko, msukumie, atazoea." Kundi la pili ni la wapenda sinema: "Mfungie na panya mzima usiku kucha, njaa itamfundisha." Kundi la tatu ndilo la kuogopwa, na habari zake zinakuja chini: "Huyo si wa panya. Huyo ana chakula chake maalumu."

Katikati ya fujo hiyo kuna mtu mmoja, picha yake ana koti jeupe, inaonekana ni mtu wa mambo ya mifugo. Aliuliza swali moja tu: "Humo ndani ya ndoo kuna joto kiasi gani, mdogo wangu?" Swali likapata laiki nne. Hakuna aliyemjibu, hata mwenye nyoka. Na jibu la shida nzima limelala hapohapo kwenye swali lile.

TUNDUMA NI BARIDI, BWANA

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama mtu au ng'ombe. Joto lake analichukua nje, kwenye jua, kwenye jiwe lililopigwa jua, kwenye udongo wenye joto. Bila joto hilo tumbo lake halifanyi kazi. Hiyo si tabia ya kudeka, ndivyo mwili wake ulivyo.

Sasa tazama ramani. Tunduma ipo juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kila aliyelala hapo mwezi Juni au Julai anajua habari ya mablanketi mawili na koti la asubuhi. Kwa maneno ya watu wa karibu na kijana huyo, chatu alinunuliwa kwa jamaa aliyemtoa mabondeni kule Momba, upande wa Kamsamba, njia ya kuelekea Ziwa Rukwa. Kule ni dunia nyingine kabisa. Ziwa lenyewe lipo kwenye mita 800 hivi, joto lake linafahamika, na ndiko chatu amezaliwa akilijua. Mtu kamtoa kwenye joto lile, kampakia kwenye basi ndani ya kiroba, kampandisha mlimani msimu wa kipupwe, halafu anashangaa hana hamu ya kula.

Chatu anayekula akiwa na baridi anajiweka kwenye hatari. Panya aliyemezwa mzima anakaa tumboni bila kusagwa, anaanza kuoza humohumo, na mwisho nyoka anamtapika au anaugua. Kwa hiyo kukataa chakula kwenye baridi ni njia ya kujilinda. Anajua asichoweza kukimaliza.

Na kazi ya kumeng'enya si ndogo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya chatu wa Burma: ndani ya siku mbili baada ya kumeza mlo mkubwa, misuli ya moyo wake iliongezeka kwa asilimia 40 hivi, kisha ikarudi ilivyokuwa mlo ulipoisha. Moyo unakua ili kuusukuma mlo mmoja! Mwili unaofanya kazi kubwa namna hiyo hauwezi kuianza ndani ya ndoo ya plastiki iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji, Julai, saa saba usiku.

HATA JOTO LIKIWEPO, BADO KUNA MENGINE

Wafugaji wa nyoka wa Ulaya na Marekani, ambao wana miaka mingi kwenye shughuli hii, wana nyoka mmoja anayewatoa jasho kuliko wote. Ni chatu wa kifalme, mdogo kwa chatu, anayepatikana Afrika Magharibi mpaka Uganda. Wenyewe wanamwita ball python, maana akiogopa anajiviringa kama mpira na kichwa anakificha katikati. Huyu anaweza kukaa miezi bila kula na asife, na kila mwenye naye ana stori ya kukosa usingizi. Katika mahangaiko hayo wamejifunza mambo ambayo yangemfaa sana mwamba wa Tunduma kabla hajawasha kamera.

La kwanza ni hofu. Nyoka aliyehamishwa anatakiwa aachwe. Siku saba hivi za mwanzo hashikwi, hapigwi picha, haonyeshwi kwa wageni. Anahitaji pa kujificha, tundu dogo linalombana mwili pande zote, na si moja bali mawili: moja upande wenye joto, jingine upande wa ubaridi, asilazimike kuchagua kati ya kuota moto na kuwa salama. Ndoo tupu haina tundu. Ndoo tupu ni uwanja wa wazi.

La pili ni gamba. Nyoka akikaribia kujivua gamba macho yake yanakuwa na ukungu wa bluu, ngozi inapauka, na yeye haoni vizuri. Kipindi hicho wengi hawali, na kuwasumbua ni kuwaonea. Ukiangalia klipu ya wiki ya pili, macho ya chatu yule yalikuwa na ukungu huohuo. Watu wakaandika "ana macho ya kichawi." Hapana, alikuwa anabadilisha nguo.

La tatu ni ukubwa wa mlo. Panya anayefaa analingana na sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka, basi. Panya buku aliyeletwa kwenye klipu ya nne alikuwa mkubwa kuliko mlaji. Pale mwenye wasiwasi wa kuliwa alikuwa chatu.

La nne ni ugonjwa. Nyoka aliyekamatwa porini mara nyingi anakuja na minyoo, kupe au vidonda mdomoni. Mwenye maumivu ya mdomo hali, iwe mtu au nyoka. Hilo halitibiwi kwa komenti.

WANAOJUA WANAFANYAJE?

Kwenye nchi na vituo ambavyo kufuga kunaruhusiwa kwa kibali, utaratibu wenyewe hauna maajabu. Chombo kinakuwa na upande wa joto wa nyuzi 31 mpaka 33 hivi na upande wa baridi wa nyuzi 25 mpaka 27, na kipimajoto kipo ndani, si kukisia kwa kiganja. Maji safi yapo muda wote. Sanduku linafunikwa kwa kitambaa kupunguza mwanga na mapito ya watu.

Kisha nyoka anaachwa atulie. Jioni ikiingia, maana ndio muda wake wa kuwinda, analetewa panya aliyekwisha kufa, aliyepashwa joto mpaka akawa na uvuguvugu wa mwili hai. Hapo kuna siri: midomo ya chatu ina vishimo vinavyohisi joto, ndivyo anavyomwona windo gizani. Panya wa baridi kwake ni jiwe. Panya anashikwa kwa koleo ndefu, si kwa vidole, anasogezwa taratibu karibu na tundu. Asipomchukua, panya anaachwa mlangoni, taa inazimwa, watu wanaondoka. Asubuhi ikikuta hajaliwa anatupwa, na hakuna kujaribu tena kesho yake. Inasubiriwa wiki nzima. Akila, hashikwi kwa siku mbili, asije akatapika.

Na kila wiki anapimwa uzito kwenye mzani, unaandikwa kwenye daftari. Chatu mwenye afya anaweza kuacha kula wiki kadhaa na uzito ukabaki palepale. Huyo anaachwa. Anayepungua wiki baada ya wiki, mpaka mgongo unachomoza kama paa la nyumba, huyo anapelekwa kwa daktari wa wanyama. Mzani ndio unaosema ukweli, si idadi ya siku alizokaa bila kula.

Kumbe basi dawa kuu ya nyoka asiyekula ni joto, giza, tundu na kuachwa peke yake. Vitu vyote hivyo ni adui wa laivu. Huwezi kumpa nyoka utulivu na wakati huohuo kuwapa wafuasi shoo kila usiku. Lazima mmoja akose, na mpaka sasa anayekosa ni yuleyule asiye na bando.

PANYA WA MBOZI, DILI LA ULAYA

Kuna kituko hapa ambacho wakulima wa Mbozi watacheka wakikisikia. Nyoka anapokataa kabisa panya weupe wa madukani, wafugaji wa ng'ambo wana silaha yao ya mwisho. Wanamletea panya wa Kiafrika mwenye manyoya laini, ambaye chatu wengi wagumu humkubali mara moja, maana harufu yake ndiyo ya mawindo ya kwao. Wanamfuga kwa makusudi na kumuuza kwa pesa nzuri.

Panya huyo ni nani? Ni panya shamba. Yuleyule anayefukua mbegu za mahindi siku ile zilipopandwa, anayetoboa magunia stoo, ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi kwa sababu ya hasara anayoleta mashambani. Kinachofukuzwa kwa fimbo Mlowo kinafugwa kwa upendo Ujerumani.

Lakini mwamba asije akatoka mbio kwenda kuokota panya shambani. Mkulima aliyechoka na panya anatega sumu, na panya aliyekula sumu anaweza kumuua nyoka atakayemmeza. Ndiyo maana wanaojua hawaokoti panya, wanawafuga.

KIJIKO NA JIKO

Mambo mawili yaliyoonekana kwenye klipu za karibuni hayafai kunyamaziwa.

Moja ni kijiko. Usiku wa wiki ya nne alimshika chatu shingoni, akampanua mdomo kwa kijiko cha chai na kumsukumia kipande cha nyama. Watu wakashangilia. Mdomo wa nyoka una mifupa myembamba na meno laini yanayokatika kirahisi, na mchubuko mmoja unatosha kuanzisha usaha. Kumlisha nyoka kwa nguvu ni kazi ya daktari, na hata daktari anaifanya kama njia ya mwisho. Nyoka aliyelishwa kwa nguvu anajifunza kitu kimoja tu: chakula kikija, maumivu yanakuja. Baada ya hapo hata hamu kidogo iliyokuwepo inakufa. Na nyama yenyewe aliitema kabla laivu haijaisha.

La pili ni jiko la mkaa. Baada ya mtu kumwambia nyoka anataka joto, mwamba kaingiza jiko chumbani, kafunga dirisha, kalala humohumo na ndoo yake. Watu wa nyanda za juu hawahitaji kufundishwa hili, wamezika ndugu. Moshi usioonekana wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua usingizini bila kubisha hodi. Angekufa yeye kwanza, nyoka baadaye, na asubuhi mtaa mzima ungesema chatu kachukua roho ya mwenyewe. Hakuna kiki yenye thamani hiyo.

Na wale wa "mfungie na panya mzima" wajue pia: panya ana meno. Nyoka mwenye baridi hawezi kujitetea, na panya mwenye njaa humtafuna mgongo mpaka mfupa uonekane. Wafugaji wengi wameliona hilo, ndiyo maana wanatumia panya aliyekufa.

"HUYO ANA CHAKULA CHAKE"

Sasa lile kundi la tatu. Kwingine duniani nyoka asiyekula ni habari ya daktari. Songwe ni habari ya mtaa. Nyoka ndani ya nyumba, mwenye nyumba kijana, ana simu mpya, hana kazi inayoeleweka, na nyoka mwenyewe panya hataki. Mtu wa kawaida anajumlisha haraka: nyoka wa utajiri. Na kama panya hataki, basi anataka damu.

Kucheka ni rahisi ukiwa Masaki. Tunduma si jambo la kuchekea. Mkoa wa Songwe umezaliwa 2016 ukitoka Mbeya, lakini kumbukumbu zake ni za zamani zaidi. Watu wazima wa Mbozi na Tunduma hawajasahau miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, habari za uchunaji wa ngozi za binadamu zilipotikisa eneo hili mpaka wazazi wakawa wanawafungia watoto ndani kabla jua halijazama. Hofu ya namna hiyo haifi, inalala. Na hofu iliyolala inaamshwa na neno moja kwenye komenti.

Inasemekana mama mwenye nyumba alimwita kijana barazani akamwambia kwa upole: "Mwanangu, mimi mambo ya TikTok siyajui. Majirani ndio ninaowajua." Maneno machache, lakini yana uzito kuliko komenti zote. Siku mtoto wa jirani atachelewa kurudi shuleni, hata kama kapitia kwa shangazi yake Mpemba, kundi litakalokuja na mawe halitauliza chatu anahitaji nyuzi ngapi za joto. Wananchi wenye hasira hawasomi vipimajoto.

Na hapa lawama haimwendei yeye peke yake. Kila aliyeandika "ana chakula chake" akaweka na vikaragosi vya kucheka kachangia kuni kwenye moto ambao yeye hatakuwepo ukiwaka. Yupo Dar, yupo Dodoma, yupo Lusaka. Anayelala mtaa ule ni mama mwenye nyumba na wapangaji wake.

Hata mchumba wa kijana huyo, mrembo mmoja wa Vwawa mwenye saluni yake na wafuasi wake, kashachukua begi. Watu wakadhani kamkimbia nyoka. Mwenyewe akaweka kwenye status kwamba nyoka hakuwa na shida naye; alichoshindwa ni kuishi mbele ya kamera saa 24 na mtu anayefurahi kiumbe kikikaa na njaa kwa sababu njaa ndiyo inayoleta watazamaji. Hapo dada kamaliza kila kitu.

SHERIA NAYO HAIJALALA

Kuna jambo ambalo mashabiki wanalipita kama hawalioni. Chatu ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata wala kumiliki mnyamapori bila kibali. Na kwenye sheria hiyo neno "nyara" si pembe za ndovu peke yake. Mnyama akiwa hai naye ni nyara. Waliokaa mahakamani wanajua kesi za nyara za serikali zinavyosomwa na maneno ya uhujumu uchumi pembeni. Hapo hakuna kulipa faini ya barabarani ukaondoka.

Ukiongeza kwamba Tunduma ni mpakani, mambo yanakuwa mazito zaidi. Hatua chache upo Nakonde. Chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini uliosainiwa 1973, kwa hiyo kumvusha bila karatasi ni kosa la pande zote mbili. Na Tanzania, mwaka 2016, ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kijana mwenye chatu kwenye ndoo, mita chache kutoka geti la forodha, akiposti ushahidi dhidi yake kila usiku na kuweka mpaka jina la mji, anahitaji rafiki wa kweli kuliko shabiki.

Halafu kuna hatari ya wale watakaoiga. Mtoto wa chatu ana madoa ya kahawia, na kifutu naye ana mapambo ya kahawia. Asiyejua, akiuziwa usiku ndani ya kiroba, anaweza kubeba kifutu akidhani kapata chatu. Chatu hana sumu. Kifutu anayo ya kutosha kumkata mtu mguu au kumzika. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na makadirio yake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Namba hizo si za kuongezewa kwa ajili ya klipu.

"MBONA WAZUNGU WANAFUGA?"

Hoja hii imerudiwa sana, na haifai kudharauliwa. Ni kweli wanafuga. Na ni kweli pia kwamba Mwafrika hahitaji kufundishwa kumpenda nyoka na mtu wa nje. Wasukuma wana wacheza ngoma wanaocheza na chatu, na chama cha Bayeye kilijulikana kwa ujuzi wa nyoka na dawa zake kabla hata intaneti haijaota. Pale Bujora, nje kidogo ya Mwanza, ngoma za nyoka ni sehemu ya utamaduni unaoonyeshwa mchana kweupe.

Lakini angalia tofauti. Mcheza ngoma wa Kisukuma kafundishwa na wakubwa zake, anajua nyoka wake anakula lini, analala wapi, anaumwa nini. Mzungu mwenye chatu wa kifalme kajifunga miaka mingi. Mwaka 2020, kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu wa aina hiyo anayekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai. Miaka sitini! Nani kwenye laivu zile yupo tayari kumlea chatu mpaka awe na wajukuu? Na chatu wa mabonde ya Momba habaki saizi ya mkanda. Anakua mpaka mita kadhaa, na wakati huo ndoo ya lita 20 itakuwa kichekesho cha aina nyingine.

Kijana wa Songwe anayewapenda nyoka kweli ana njia. Kuna Meserani karibu na Arusha, ambako watu wanawaona nyoka na walioumwa wanatibiwa. Kuna Snake Park ya Nairobi iliyofunguliwa 1961, na shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu lililoanzishwa 1980. Wote hao ni watu wanaofanya kazi na nyoka kwa ruhusa. Mtu anaweza kujifunza, akaomba kibali, akawa mtaalamu wa kuitwa nyoka akiingia darasani au ghalani, akamwondoa bila kumuua. Tunduma nzima ingemheshimu. Na klipu zake zingekuwa na maana, kwa sababu angekuwa anafundisha watu kumtofautisha chatu na kifutu.

AFANYE NINI SASA?

Kwanza azime kamera. Leo, si kesho. Wafuasi watalalamika siku mbili, ya tatu watahamia kwa mwingine.

Pili, atoe jiko chumbani. Kama anataka kumpa chatu joto kwa usiku huu mmoja, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye khanga, zikiwekwa upande mmoja wa boksi lenye hewa na kitambaa cha kujifichia, zinatosha. Chakula aache kabisa. Chatu aliyekaa wiki tano anaweza kusubiri kidogo. Hawezi kusubiri kijiko kingine.

Tatu, aende mwenyewe kwa maofisa wa wanyamapori, TAWA au ofisi ya halmashauri, na mtu mzima anayeheshimika mtaani akiwa pembeni yake, aseme ukweli na kumkabidhi. Anayekwenda kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayefuatwa. Asijaribu kumtupa porini usiku. Akikutana na watu njiani akiwa na nyoka kwenye kiroba, gizani, stori ya chakula maalumu itamalizika vibaya hapohapo. Na chatu dhaifu akiachiwa kwenye baridi ya Tunduma hafiki asubuhi.

Nne, mama mwenye nyumba na majirani waitwe, waelezwe kwamba nyoka alikuwa anaumwa baridi tu, na wamwone akiondoka mchana mbele ya macho yao. Uvumi unakua kwa siri.

Yule mwenye koti jeupe hajafuta komenti yake. Bado ipo pale, laiki nne, ikisubiri namba. Mwamba akiijibu hiyo moja tu atakuwa kafanya la maana kuliko laivu zote alizofanya.

Wadau, chatu arudishwe au mwamba aachwe na mambo yake? Dondosha komenti hapo chini. Ila anayetaka kuandika "ana chakula chake" afikirie kwanza watoto wa mtaa ule, kisha afikirie tena.